Jozi Moja ya Asaam

Mzee alisimama mbele ya mti kwa muda mrefu, hata nikadhani anauombea. Ulikuwa mti wa betula, ule wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi kuukuu. Aliupapasa kwa kiganja, akauzunguka, akaupapasa na upande wa pili. Kisha akachomoa shoka, akabandua kipande kidogo cha gome pamoja na kibanzi cha mbao chini yake, akakiinua kibanzi kile kwenye mwanga. Akatikisa kichwa, akaurudishia mti gome lake kwa kulikandamiza, tukaendelea na safari. Asubuhi ile tulipita miti sita namna hiyo. Wa saba ndio alioukata.

Nilimuuliza mjukuu wake mti wa kwanza ulikuwa na kosa gani, maana kwa macho yangu ulikuwa umenyooka kama mlingoti.

"Nyuzi zake zinajisokota, kaka," alinijibu. "Kwa nje huwezi kujua. Ukiupasua, mpasuko unazunguka. Kiatu cha mti huo kitakwenda upande, nawe utakwenda nacho."

Tulikuwa karibu na Mistissini, kando ya ziwa lenye jina linalokaribiana na hilo, ambalo ndilo ziwa kubwa kuliko yote ya asili katika jimbo la Quebec, Kanada. Lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,335, na mwezi Machi zote ni uwanja mweupe mtupu. Kutoka Montreal unaendesha gari kutwa nzima kuelekea kaskazini hadi mji mdogo wa Chibougamau, halafu zinabaki kilomita kama 90. Mbele ya hapo ni misonobari mieusi, vinamasi vilivyoganda na maziwa yasiyohesabika. Wakrii, wenyeji wa hapa, wanaiita nchi hii Eeyou Istchee, yaani nchi ya watu. Ni zaidi ya kilomita za mraba 300,000, zaidi ya nusu ya Kenya, na Wakrii wanaoishi humo ni kama elfu ishirini tu. Vijiji vyao vingine viko pwani ya ghuba ya James Bay, vingine bara kama hiki, na Whapmagoostui, kilichoko kaskazini kuliko vyote, hakijafikiwa na barabara mpaka leo.

Nilikwenda nikiwa na hamu ya kuiona nchi yenyewe. Niliishia kukaa siku kadhaa ndani ya hema moja, karibu na jiko la kuni la bati, nikitazama watu wawili wakitengeneza viatu.

Neno la Kikrii ni asaam. Sisi tunaweza kusema viatu vya theluji, ingawa kiatu chenyewe hakivaliwi mguuni kama kiatu. Ni fremu ya mbao iliyokunjwa, iliyojazwa wavu wa ngozi, nawe unafunga mguu wako juu yake ukiwa tayari umevaa viatu laini vya ngozi iliyofukizwa moshi. Kazi yake ni kutandaza uzito wako. Theluji ya msituni huku haifanani na barafu ngumu inayoonekana kwenye picha za mashindano ya kuteleza. Ni unga mkavu unaokaa kwenye kivuli cha miti majira yote ya baridi bila kuguswa na upepo. Siku ya kwanza nilitoka hemani bila asaam, hatua tatu tu kwenda kuchukua kuni, nikazama hadi mapajani, na kila nilipojaribu kujiinua nilizidi kuzama. Hapo nilielewa kwamba bila chombo hiki, kwa nusu ya mwaka, mtu wa nchi hii angekuwa mfungwa mlangoni kwake.

Umbo la chombo linafuata theluji ya mahali. Kwenye maziwa na pwani, ambako upepo umeipiga theluji ikashikana, hutengenezwa asaam ndefu, nyembamba, zilizochongoka mbele na kupinda juu kama omo la jahazi. Zinakwenda upesi na hazijikwai. Ndani ya msitu mzito, ambako theluji ni unga na miti imesongamana, ndefu zile zinakwama, kwa hiyo watu wa bara wana aina nyingine, pana na karibu duara, inayogeuka kirahisi kati ya mashina. Nyumba ya mwindaji hodari haina jozi moja. Ina kadhaa, na kila jozi ina mahali pake na mwezi wake.

Turudi kwenye ule mti wa saba. Mzee hakuupasua kwa msumeno. Alitumia shoka na kabari za mbao, akiufuata mti ulikotaka kupasukia, nusu, kisha robo, kisha vipande vyembamba zaidi. Hii ni siri ya kwanza ya kazi nzima, nayo si siri kwa fundi yeyote wa mbao anayejua kupinda: msumeno unakata nyuzi, kabari inazitenganisha. Ufito uliopasuliwa una nyuzi zinazokwenda bila kukatika kutoka ncha hadi ncha, ndiyo maana unaweza kuupinda hadi ncha zikutane na bado usivunjike. Na mti lazima uwe mbichi. Ukikauka umechelewa.

Halafu alikaa chini akatoa kisu. Ningependa kila seremala wa kwetu akione kisu hiki. Kwa Kikrii ni muuhkutaakan. Ubapa wake ni mfupi na umepinda ncha, mara nyingi umetengenezwa kwa tupa iliyochakaa, na mpini wake una mgongo ulioelekea nje ili dole gumba lipate pa kuegemea. Kinashikwa kwa mkono mmoja, kiganja kikitazama juu, na kinavutwa kuelekea kifuani. Mkono wa pili unashika ufito, goti linakuwa meza. Kwa kisu hicho kimoja mzee alifanya kazi ambayo fundi wa mjini angeigawia tezo, randa na patasi. Mabanzi yalitoka marefu, membamba, yakajikunja kama nywele. Kila baada ya mivuto michache alisimama, akaupinda ufito kidogo hewani kwa mikono miwili, akautazama mkunjo wake. Penye ugumu alirudi akapunguza unene wa ukucha. Penye ulaini hakugusa tena.

Nilitazama mkunjo ule kwa makini na sikuona tofauti aliyoiona yeye. Nilimwomba mjukuu aniulizie anajuaje.

"Nimushum anasema macho hayatoshi," kijana alifasiri. Nimushum ndiyo "babu yangu" kwa lugha yao, na baada ya siku mbili nami nilikuwa nikimwita hivyo. "Anasema viganja vinajua kabla ya macho, na viganja vyake vilifundishwa na baba yake, aliyekuwa akizivunja fito zisizofaa mbele yake. Alivunjiwa nyingi."

Fito zilipokuwa tayari, maji yalichemka jikoni. Mzee alizimwagia polepole pale zitakapopindwa, akasubiri, akamwagia tena, kisha akaanza kuzikunja juu ya goti lake, inchi kwa inchi, bila pupa. Kazi hii haina marudio. Ukivuta upesi kuliko maji yalivyopenya, nyuzi za nje zinainuka na kukatika, na mti wa saba unakuwa sawa na ule wa kwanza. Hemani hakuna aliyesema neno. Umbo lilipopatikana alilifunga kwa kamba na kulikaza kwa kijiti katikati, akalitundika mbali kidogo na jiko, likae siku kadhaa lisahau lilivyokuwa. Baadaye alipachika pau mbili za kukingama, moja mbele ya mguu na moja nyuma, akizitobolea fremu vishimo zikae bila msumari hata mmoja. Akatoboa matundu madogo mawili mawili kuzunguka sehemu ya mbele na ya kisigino. Hapo kazi yake ikaisha. Aliiweka fremu kwenye matawi ya msonobari yaliyotandazwa sakafuni, upande wa mkewe, akainuka kwenda kutazama nyavu zake za samaki chini ya barafu.

Huo ndio mgawanyo wa zamani kwa Wakrii wa bara: mwanamume hukunja, mwanamke hujaza. Fremu bila wavu ni fito tu, na wavu bila fremu ni ngozi, kwa hiyo hakuna jozi ya asaam yenye fundi mmoja.

Nuuhkum, yaani bibi yangu, alikuwa ameanza kazi yake wiki nyingi kabla yetu. Nyuzi zake zinatoka kwenye ngozi mbichi, isiyotiwa dawa. Ngozi huloweshwa, hukwanguliwa manyoya upande mmoja na nyama upande wa pili, kisha hukatwa uzi mmoja mrefu kwa kuizunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati, kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda. Zipo za aina mbili. Kwa sehemu ya mbele na ya kisigino anatumia uzi mwembamba wa ngozi ya atihkw, kulungu wa kaskazini anayetembea kwa makundi, kwa sababu ngozi yake hailegei sana inapolowa. Kwa sehemu ya katikati, ambako mguu unakanyaga, anatumia uzi mnene wa ngozi ya muus, mnyama wa jamii hiyohiyo ya kulungu lakini mrefu kuliko farasi. Uzi huu wa katikati haupiti kwenye vitundu. Unazungushwa kwenye fremu yenyewe, maana kitundu kingepasuka kwa uzito.

Kiswahili kina kitenzi kilichotimia kwa kazi ile: kuwamba. Tunawamba ngoma, tunawamba kitanda cha kamba. Anayewamba ngoma anajua alichokijua Nuuhkum, kwamba ngozi unaivuta ikiwa imelowa na kukaza kwenyewe kunafanywa na ukavu. Nguvu za mikono hazitoshi kuikaza ngozi kama inavyojikaza yenyewe ikikauka. Lakini mwamba ngoma ana duara moja na mvuto mmoja. Nuuhkum ana mamia ya tundu ndogo, na uzi ukiwa mkavu mno hautakaza, ukiwa umelowa mno utavuta kupita kiasi, na fremu ya mumewe itapindika usiku kucha wakiwa wamelala. Alikuwa na beseni la maji ya vuguvugu pembeni. Kila uzi aliuchovya, akaupitisha kati ya vidole viwili kuukamua, na vidole vile ndivyo vilivyoamua kama urudi majini.

Sindano yake ilikuwa ya mfupa, yenye urefu wa kidole, iliyochongoka ncha zote mbili na yenye tundu katikati, ili isihitaji kugeuzwa kila inapopita. Nilimwona akipitisha uzi wa kwanza kutoka kushoto kwenda kulia kwa mshazari, wa pili ukarudi kinyume, wa tatu ukalala. Safu ya kwanza haikuonyesha chochote. Ya pili nayo ilikuwa fujo tu. Kwenye ya tatu, ghafla, tundu zikajitokeza, zote za pembe sita, zote sawa.

Nililijua tundu lile. Nimekulia pwani, na nimekaa vya kutosha karibu na wavuvi wanaosuka dema kwa fito za mianzi. Tundu la dema ni hilohilo la pembe sita, kwa njia zilezile tatu zinazopishana na kushikana. Sababu nayo ni moja. Msuko wa njia mbili huteleza, unaweza kuuvuta ukawa wima au ukalala. Wa njia tatu umejifunga wenyewe na hauwezi kusogea upande wowote, na uzi mmoja ukikatika, jirani zake bado wanashikilia. Wavuvi wa kwetu na mama wa Mistissini hawakufundishana. Kila mmoja alifika pale kwa kutaka kitu chepesi kuliko vyote kitakachobeba zaidi ya kinavyoonekana. Nilimwonyesha Nuuhkum picha ya dema kwenye simu yangu. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, akahesabu kwa ncha ya sindano, akasema neno moja ambalo kijana alilifasiri kuwa "wamejua."

Nyuma ya pau ya mbele aliacha nafasi wazi. Hapo ndipo ncha ya mguu huzama kila unapopiga hatua, kisigino kinainuka na asaam inabaki chini ikiburuta mkia wake. Nafasi ile ikiwa ndogo utajikwaa, ikiwa kubwa mguu utaponyoka. Aliipima kwa upana wa vidole vyake, na jozi ile ilikuwa ya mjukuu, kwa hiyo alimwita kijana mara mbili aje akanyage. Mwishowe akafunga vishada vya sufu nyekundu kwenye ukingo wa mbele. Kijana aliniambia ni pambo, pia mtu anayekuja kutoka mbali ziwani anaonekana mapema. Kufungia mguu alitumia utambi wa taa ya mafuta, ule mpana wa pamba, unaonunuliwa dukani. Haugandi kama ngozi na unafunguka hata kwa vidole vyenye baridi. Sikuona aibu yoyote ya kuchanganya cha kale na cha duka. Kinachofaa ndicho kinachotumika, na kisu cha mzee nacho kilianza maisha kama tupa.

Vijana wa Mistissini wanatumia pikipiki za theluji, zile alizoanza kuziuza Joseph-Armand Bombardier wa hapohapo Quebec mwaka 1959. Mjukuu wa mzee anayo, na anaipenda. Lakini nyuma ya kiti chake pamefungwa asaam, na hatoki bila hizo. Mashine ikizimika kilomita 40 ndani ya msitu, miguu ndiyo itakayomrudisha. Hata isipozimika, kuna mahali haifiki, na mnyama mwenye masikio makali hasubiri mngurumo.

Mwaka 2013 vijana sita wa Whapmagoostui na kiongozi wao walitoka kijijini kwao tarehe 16 Januari, katikati ya baridi kali, wakatembea kwa asaam kuelekea Ottawa kutetea haki za watu wa asili. Safari yao iliitwa Nishiyuu. Walitembea kilomita kama 1,600, wengine wakijiunga nao kila walikopita, wakafika mji mkuu tarehe 25 Machi wakiwa mamia. Nilipomtajia mzee safari hiyo hakuzungumzia siasa. Aliuliza kama ninajua ni jozi ngapi zilizokatika nyuzi njiani, na nani alizirekebisha.

Ufundi huu unahitaji msitu mzima. Unahitaji betula iliyokua polepole, muus na atihkw wenye mahali pa kulisha, na mtu mwenye muda wa kukaa porini. Tarehe 30 Aprili 1971 serikali ya Quebec ilitangaza mradi mkubwa wa umeme wa maji kwenye mito ya nchi hii bila kuwauliza wenyewe. Wakrii walikwenda mahakamani, na mwaka 1975 wakatia saini mkataba wa James Bay na kaskazini mwa Quebec. Mabwawa yalijengwa hata hivyo. Maelfu ya kilomita za mraba yakafunikwa na maji, kijiji cha Fort George kikahamishwa na kuwa Chisasibi, na sehemu za bonde la mto La Grande zikawa chini ya mawimbi. Kusini mwa nchi yao, mashoka ya makampuni ya mbao yalifanya sehemu yake. Ndani ya mkataba uleule wa 1975, hata hivyo, Wakrii walipata jambo ambalo sijaliona kwingine: mpango unaoilipa familia kipato kwa kuishi porini ikiwinda na kutega. Mzee na mkewe wamo. Bila mpango huo, nadhani ningezikuta asaam zao kwenye kabati la kioo tu.

Kabati la kioo lipo, nalo ni zuri. Oujé-Bougoumou, kijiji kingine cha bara, kina taasisi ya utamaduni inayoitwa Aanischaaukamikw, iliyofunguliwa mwaka 2011 katika jengo alilolisanifu Douglas Cardinal. Nilipita huko njiani nikirudi. Jozi za zamani zimehifadhiwa kwa heshima kubwa, na mtu anayetaka kujifunza ana mengi ya kuona. Nilisimama mbele ya jozi moja pana, rangi yake imekuwa ya chai, nikatafuta mahali pale mafundi wawili walipokutana: kitundu cha mwanamume na uzi wa mwanamke. Nilipata. Kitundu kilikuwa kimetobolewa mshazari kidogo ili ukingo usiukate uzi. Wiki moja kabla yake nisingekiona.

Asubuhi ya mwisho kijana alivaa jozi yake mpya akaenda ziwani. Ilikuwa nyuzijoto 30 chini ya sifuri, anga kavu kabisa, na tulizisikia nyuzi zikilia chini ya mguu wake hadi alipofika mbali. Nuuhkum alitoka mlangoni, hakumtazama mjukuu, alizitazama nyayo. Aliinama, akapima kina cha unyayo wa kulia kwa mkono, kisha wa kushoto. Vilikuwa sawa. Akarudi ndani kuweka kuni jikoni.

Msomaji, ukijaliwa kufika Mistissini wakati wa baridi, usianze kwa kuuliza bei ya asaam. Salimu kwa "waachiye," omba ruhusa ya kukaa, na uwe na siku za kutosha. Mti peke yake unachukua asubuhi nzima.